Sajini Aliyerudi Kuwa Koplo

Baba yangu, Wenseslaus Tesha, alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti, ule msimu ambao ukungu unashuka Kilema tangu asubuhi na migomba inadondosha maji utadhani mvua imenyesha. Alikuwa amekaa barazani, redio ipo mapajani, anamsubiri Mama amletee uji. Mama alipofika na kikombe alikuta redio inaongea peke yake.

Mimi ndiye binti yake wa kwanza, Theodora. Ninafundisha shule ya msingi mjini Moshi. Sisi watoto wake tulimjua Baba kwa vitu vyake kuliko kwa maneno yake. Tulikulia kota za magereza, nyumba zilizopangwa mistari kama watu wa gwaride, na kila alfajiri tuliamshwa na mlio wa brashi juu ya buti. Harufu ya kiwi ilitangulia harufu ya chai. Sare alizipiga pasi mwenyewe kwa pasi ya mkaa, na mkunjo wa suruali yake, Mama alikuwa akisema, ungeweza kukatia nyanya.

Kabla ya magereza alikuwa mwanajeshi. Alipigana vita vya Kagera. Hilo tulilijua kwa sababu kulikuwa na medali kabatini, imefungwa kwenye kitambaa. Ukimwuliza habari za vita alikujibu, "Tulitembea sana," basi, yameisha. Ukimwuliza habari za kazini, alivua kofia akasema, "Wote wapo." Maana yake ni kwamba wafungwa wamehesabiwa jioni na hakuna aliyepungua.

Kila Desemba tulipanda Kilema kwa Krismasi, na huko ndiko tulikomwona Baba mwingine. Akifika tu kihambani, kwenye shamba la ukoo, anavua viatu. Anatembea peku kati ya kahawa na migomba, suruali ameikunja hadi magotini, anagusa mkungu huu na ule, anapiga mluzi. Mjini sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

Siku ya maziko turubai lilifungwa uani, na mengine mawili yakaongezwa huko barabarani kwa sababu watu walizidi. Akina mama walikuwa jikoni na masufuria ya mtori tangu giza halijatoka. Maiki alishika binamu yangu Godbless, ambaye ndiye msemaji wa shughuli zote za ukoo, harusi na misiba, na ana tabia ya kumkimbiza kila mtu.

"Ndugu zangu, dakika mbili mbili," alisema. "Paroko ana maziko mengine Marangu. Tutoe salamu, tuingie kwenye misa."

Kwanza alisoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, ubatizo, jeshi, vita, ndoa, watoto. Akafika mwisho: "Alilitumikia Jeshi la Magereza hadi alipostaafu kwa heshima, akiwa na cheo cha koplo."

Kwenye safu ya mbele mzee mmoja mwenye koti la kijivu akasema kwa sauti, "Siyo hivyo."

Godbless alijifanya hakusikia. Mimi nilisikia, na nilimjua aliyesema. Alikuwa Mzee Mathayo, askari magereza mstaafu. Alikuwa jirani yetu kule kota. Tulipokuwa watoto alikuwa kijana mwenye bunduki kubwa kuliko yeye.

Wa kwanza kuitwa kutoa salamu alikuwa Mzee Hosea. Alisimama taratibu, mrefu, mkono mmoja kwenye fimbo. Nilikuwa nikimwona kila baada ya miaka michache. Alikuja na mfuko wa sukari, akakaa na Baba kutwa nzima, na sikuwahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya mvua na magoti.

"Mimi siyo mtu wa huku," alianza. "Kwetu Njombe. Baada ya vita nilipata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya miwa kule chini, nikaoa huko, nikazeekea huko. Wensi ndiye aliyeniita. Aliniambia, joto la miwa likikushinda, panda kwetu upoe. Nimepanda mara nyingi. Leo nimepanda, mwenyeji hayupo."

Godbless akatazama saa.

"Nitawaambia jambo moja la vitani. Siyo la risasi, msiogope. Tulikuwa tumepita Masaka kule Uganda, tukasimamishwa, tukaambiwa tungoje amri. Tukapiga kambi kwenye shamba la migomba. Wenyewe walikuwa wamekimbia. Sasa askari ana njaa, na ndizi hizo hapo. Wenzetu wakaanza kukata ovyo, mtu anaangusha mgomba mzima na machipukizi anayakanyaga. Wensi akasimama mbele yao, kijana mdogo tu, hana hata cheo. Akasema, 'Kateni ndizi, njaa ni njaa. Lakini mgomba haukatwi hivyo. Mnaua na watoto wake.' Mmoja akamjibu, 'Kwani hili shamba la baba yako?' Akasema, 'Limefanana nalo.'"

Watu wakaguna. Kwa watu wa Kilema hapakuhitajika maelezo zaidi.

"Kesho yake nikamkuta na panga, bunduki ipo mgongoni, anapogoa majani makavu. Kuna mgomba ulikuwa umeinama na mkungu wake, akakata nguzo mbili akauegemeza. Siku zote tulizokaa pale alifanya hivyo. Nikamwambia, 'Wewe bwana, tumekuja kupigana au kulima?' Akasema, 'Hosea, kuna siku tutarudi nyumbani. Sitaki mikono yangu ifike kule haijui kitu kingine ila hiki,' akapiga kitako cha bunduki."

Mzee Hosea akapangusa midomo kwa kiganja.

"Siku tunaondoka mwenye shamba akatokea. Bibi kizee, alikuwa amejificha vichakani karibu tu, anatuona kila siku. Akapiga magoti, alidhani tutamwua. Wensi naye akapiga magoti. Basi wakawa wamepigiana magoti pale, hawajuani lugha. Bibi akainuka, akazunguka shamba lake, akaona limesafishwa. Akarudi akamshika mashavu, huku na huku, kama mtoto. Akasema maneno ya kwao. Wensi akamjibu kwa Kichagga! Tulipokuwa tunatembea nikamwuliza, 'Ulimwambia nini yule mama?' Akasema, 'Nilimwambia shimboni.' 'Ndiyo nini?' 'Salamu. Nilimsalimia. Ningemwambia nini kingine?'"

Watu walicheka, hata Mama alicheka ndani ya khanga yake, kisha kicheko kikageuka kilio. Mzee Hosea alikaa bila kumalizia salamu zake, na Godbless hakumkumbusha.

Akaitwa mwakilishi wa magereza. Alikuwa mwanamke, mkaguzi, sare imemkaa vizuri, jina lake Pamela. Alikuja na askari wengine kubeba jeneza. Alikuwa na karatasi ya salamu rasmi, akaisoma yote kwa sauti ya ofisini, akaikunja, akaitia mfukoni. Tukadhani amemaliza.

"Hayo ni ya ofisi," akasema. "Sasa na mimi niseme yangu, Mama Theodora akiniruhusu."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nilipotoka chuoni nilipangiwa chini ya Koplo Tesha kwa muda, kabla sijahamishiwa upande wa wanawake. Nilikuwa msichana, naogopa kila kitu, na mtu mwoga hupenda kelele. Nilikuwa natembea na shada la funguo nalizungusha kidoleni, chaka-chaka-chaka, nijisikie askari. Afande akanitazama siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu akaniita pembeni. Akaniambia, 'Binti, funguo hazichezewi mbele ya mtu asiye nazo.' Hakunifokea. Akanyoosha mkono, akanionyesha namna ya kuzishika zote ndani ya kiganja zisilie."

Alinyoosha kiganja chake mwenyewe, akakifumba.

"Na asubuhi, kabla hajafungua mlango, alibisha. Mlango wa gereza! Anabisha kwanza, anasema, 'Habari za kuamka humo,' wanajibu, ndipo anafungua. Nikamwuliza, 'Afande, kwani wakikataa hodi hutafungua?' Akacheka. Akasema, 'Hawajawahi kukataa.' Mimi sasa ninafundisha vijana. Wote nawafundisha kubisha. Wengine wananiona nimechanganyikiwa kidogo."

Alirudi nyuma hatua moja, akasimama wima, akakaa. Mimi nilikuwa nakumbuka nyumba yetu ya kota, ambamo Baba hakuruhusu mlango wowote wa ndani ufungwe kwa ufunguo, hata chumba chake na Mama. Tulikuwa tukilalamika sisi wasichana. Alitutengenezea mapazia mazito akasema, "Pazia linatosha. Atakayeingia bila hodi niitieni mimi."

Godbless alikuwa anafunga salamu, anaelekeza watu wasimame kwa misa, Mzee Mathayo aliponyanyuka bila kuitwa.

"Mzee wangu, muda..." Godbless alianza.

"Kijana, nipe hicho kidude." Akapewa maiki. "Umesoma hapa kwamba alistaafu koplo. Ni kweli karatasi zinasema hivyo. Lakini watoto wake wapo, wajukuu wapo, na hawa vijana wenye sare wapo, na mimi nimeshastaafu, hakuna wa kunivua kitu. Wenseslaus alikuwa sajini. Sajini, V tatu mkononi. Nitawaambia ile moja ilikwenda wapi."

Nilihisi mkono wa Mama unashika wangu. Ile V niliikumbuka. Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa nyumbani na mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya stuli, na Mama alikaa mlangoni penye mwanga, ana wembe, anafumua nyuzi kwenye mikono ya shati la Baba. Zilipotoka zile V, kitambaa chini yake kilikuwa cha rangi iliyokolea, hakijachujuka kama shati lingine. Akashona mpya, mbili badala ya tatu, na alama ya ile ya tatu ikabaki inaonekana mpaka shati likachakaa. Tulipouliza tuliambiwa, "Kazini wamepanga upya." Watoto wa kota wengine walituuliza pia, na tuliwajibu hivyohivyo.

"Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino," Mathayo akaendelea. "Tulitoka shamba na wafungwa, lori limebeba kuni. Afande Tesha yuko mbele na dereva. Mimi niko nyuma na wafungwa na bunduki. Mto umejaa maji ya mlima, daraja lile la chini maji yanapita juu yake. Dereva akasema tutapita. Tulifika katikati, lori likateleza, likalala ubavu. Nyuma tulirukaruka tukatoka. Dereva akatokea dirishani. Afande hakutoka. Mguu ulikuwa umebanwa na chuma, na maji yanapanda ndani ya kebini."

Sufuria za jikoni ziliacha kulia.

"Sasa nifikirieni mimi. Kijana, bunduki mkononi, wafungwa wako huru kila upande, migunda ya mahindi mirefu, ng'ambo kuna pori. Hakuna hata pingu moja. Nikawa sijui niwaelekezee mtutu au niutupe nikamshike Afande. Sikuwahi kuamua. Wao ndio walioamua. Walirudi majini. Wenyewe! Wakaliwekea lori mabega lisizidi kulala, na mmoja akaingia kebini, akamwinua Afande kichwa, akawa anamshikilia hivi, pua ikae juu ya maji. Afande alikuwa anameza maji na kutapika. Hakuweza kusema hata neno moja. Kumbukeni hapo. Hata neno moja."

Akatutazama ili ahakikishe tumekumbuka.

"Mfungwa mmoja akapiga kelele, 'Bila kamba hatoki!' Akakimbia. Nilimwona anapanda ukingo, nguo zake za rangi ya chungwa, anapotelea kwenye mahindi. Nikasema moyoni, huyo kaenda. Kumbe amekimbilia kijijini kutafuta kamba. Kijijini nako wameona nini? Mfungwa anakimbia peke yake. 'Katoroka! Mkamateni!' Wakampiga, jamani. Fimbo, mawe. Na yeye chini ya fimbo anasema, 'Kamba! Afande anakufa majini! Nipeni kamba mnipige baadaye!' Kuna mama mmoja ndiye aliyesikia. Akawazuia, akasema, mtu anayetoroka haombi kamba. Wakaja na kamba na ng'ombe wa plau, na huyo mfungwa mbele anawaongoza, damu inamtoka masikioni. Wakavuta. Afande akatoka na mguu umevunjika pawili."

"Wakati wa uchunguzi," sauti ya Mathayo ikashuka, "mkubwa mmoja, simtaji, ameshatangulia mbele za haki, akasema sheria ni sheria. Mfungwa ameacha ulinzi, mashahidi wa kijiji wapo, afunguliwe kesi ya kutoroka. Na yule bwana alikuwa amebakiza miezi tu kutoka. Wakaja hospitalini kumhoji Afande. Mguu umening'inizwa juu. Mimi nilisimama mlangoni. Wakamwuliza, 'Mfungwa huyu alitoroka?' Akasema, 'Hakutoroka. Nilimtuma mimi.' 'Ulimtuma? Bila askari?' 'Bila askari.' 'Sajini Tesha, unajua kumwachia mfungwa aende peke yake ni kosa gani?' Akasema, 'Ninajua. Andika.'"

Mzee Mathayo alitoa leso, akapenga kamasi, akaendelea.

"Wakaandika. Kesi ya mfungwa ikafa. V ya Afande ikaenda. Na kila walipokaa kupandisha watu vyeo, jina lake lilirukwa. Walipotoka siku ile nikamwendea kitandani. Nikamwambia, 'Afande, hukumtuma. Ulikuwa na maji mdomoni.' Akanitazama. Akasema, 'Mathayo, ningeweza kusema, ningesema nini? Si ningesema nendeni mkalete kamba?' Nikasema ndiyo. 'Basi nilimtuma. Na wewe nyamaza, una mtoto mchanga.' Nimenyamaza mpaka leo. Sasa amekufa, hawezi kunikataza."

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa msibani. Lakini nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa Kichagga, taratibu, neno ambalo wazee hulisema mtu akifanya jambo la kiume.

Nilimgeukia Mama. "Mama, ulijua?"

"Nyuzi nilizifumua mimi," akasema. "Ningekosaje kujua?"

"Na hukusema."

"Alisema nikiwaambia mtampenda kwa sababu hiyo. Alitaka mmpende hivihivi."

Hapo Mzee Mathayo akauliza kwenye maiki, "Fundi yuko wapi?"

Watu wakaanza kugeuka. Fundi gani? Mimi nilijua fundi mmoja tu aliyekuwepo siku hiyo. Ni Ndelilio, mwashi wa Majengo, Moshi mjini. Nilimjua tangu nikiwa msichana. Alijenga jiko la Mama pale kihambani, akajenga choo, akasakafia baraza, na kila Krismasi alikula kwetu. Mtoto wangu anamwita babu. Siku hiyo hakuwa chini ya turubai kabisa. Alikuwa kaburini, kwenye kona ya kihamba karibu na babu na bibi, anamalizia kusawazisha plasta ya kuta za ndani, kwa sababu alikataa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Walimfuata. Alikuja na gambuti, mwiko bado mkononi, saruji imemkauka hadi kwenye kiwiko.

"Mmeniita?" akauliza. Hakuwa amesikia chochote.

"Nimewaambia," Mathayo akasema.

Ndelilio alisimama akitazama mwiko wake. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na sikio lake la kushoto limekunjamana kidogo. Siku zote nilidhani alizaliwa hivyo.

"Haya," akasema. "Basi wamejua." Alikataa maiki, ikabidi watu wasogee. "Niliiba kahawa ghalani kwa mtu, ndiyo nilifungwa. Sikuonewa. Siku ninatoka, Afande alikuwa nje ya lango na magongo yake mawili, amevaa nguo za nyumbani. Akaniambia, 'Unakwenda wapi?' Nikamwambia sijui, kwetu Machame hawanitaki. Akasema, 'Mke wangu hana jiko kule Kilema, anapikia mvuani. Unajua kujenga?' Nikamwambia ninajua kubeba tofali. Akasema, 'Utajifunzia kwangu, ukikosea tutabomoa.' Tulibomoa mara mbili. Ndugu zake hapa hapa wakamwambia, unatuletea mwizi kihambani? Nilisikia mwenyewe, nilikuwa nachanganya udongo. Akawaambia, 'Mimi namleta fundi. Mwizi mtafuteni wenyewe.'"

Baadhi ya wazee wa ukoo wetu walitazama chini. Baba mkubwa Fabian, kaka yake Baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, aliinuka kwa shida kwenye kiti chake, akaenda hadi pale Ndelilio aliposimama, akamshika mkono ule wenye saruji.

"Mimi ni mmoja wa waliosema," akasema.

"Ninajua, Meku," Ndelilio akajibu, akimwita mzee kwa Kichagga. "Yalishapita."

"Basi kaa mbele na sisi."

"Nimalizie kona moja kwanza. Saruji inakauka."

Akarudi kaburini. Misa ikaanza bila yeye, na paroko alipofika kwenye mahubiri nilimwona anarudi, ameosha mikono, amevaa koti juu ya fulana yake, anakaa kiti kilichoachwa wazi kati ya Baba mkubwa na Mzee Hosea.

Askari walibeba jeneza. Njia ya kwenda kona ile ni nyembamba, migomba imeinama pande zote, wakawa wanapita kwa kuinamisha vichwa. Baada ya sala, baada ya mchanga, wakati wa kuweka mashada ya maua, Mkaguzi Pamela alisogea, akaweka la kwao, akarudi nyuma akapiga saluti. Alikaa nayo kwa muda mrefu. Aliposhusha mkono akasema, siyo kwa sauti ya kutangaza, "Jambo, Sajini." Askari wale vijana walitazamana, kisha mmoja mmoja wakasema hivyohivyo.

Watu walikula, wakaanza kushuka. Ilipofika jioni ukungu ulikuwa umerudi, na turubai lilikuwa limebaki na viti vitupu na wale ambao hawakutaka kuondoka. Mzee Hosea alikuwepo, Mathayo na Ndelilio wakiwa karibu naye, na Baba mkubwa Fabian ameletewa blanketi. Kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, ilikuwa inazunguka. Mama alitoka ndani kwa mara ya kwanza bila kushikwa mkono, akavuta kiti, akakaa katikati yao. Tulikuwa tumezoea kumwona akihudumia wanaume hao, siyo kukaa nao.

"Shemeji," Mzee Hosea akamwambia, "mimi nimemjua Wensi kabla yako, lakini hakunisimulia kamwe alikupataje."

"Hakunipata," Mama akasema. "Nilimwona mimi kwanza."

"Lete habari."

Mama alipokea kata, akanywa kidogo, akairudisha. Jina lake Anyesi, na ujanani alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Hilo watu wote wa Kilema wanalijua.

"Ilikuwa Jumapili," akasema. "Vita vimeisha, lakini wengine hawajarudi na hakuna anayejua nani yuko hai. Tupo kanisani, tunaimba wakati wa matoleo. Kwaya inatazama watu, kwa hiyo mimi nauona mlango. Akaingia kijana mwembamba kama mti wa kahawa wakati wa kiangazi, na begi la jeshi. Akasimama nyuma palepale mlangoni. Wa nyuma wakamwona, wakaanza kunong'onezana. Ikasambaa, benchi kwa benchi. Lakini mama yake alikuwa benchi la mbele kabisa, na mnamkumbuka mama mkwe, akiwa kanisani hata nyumba iungue hageuki. Basi kanisa zima linajua mtoto amerudi, isipokuwa yeye. Na huyo mtoto naye hasogei. Anangoja misa iishe. Amekaa vitani muda wote ule, halafu anaona haya kumkatiza padre!"

Baba mkubwa Fabian alikuwa ameanza kucheka peke yake. Siku ile alikuwepo kanisani.

"Mimi nikashindwa. Sauti ilinikatika. Nikatoka kwenye mstari, wimbo bado unaendelea, mwalimu wa kwaya amenikodolea macho angenimeza. Nikamwendea yule mama, nikamgusa bega. Akanikazia macho. Nikamwambia, 'Mama, geuka.'"

"Akageuka?" Ndelilio akauliza.

"Aligeuka," Mama akasema. "Na sauti aliyotoa, padre mwenyewe aliacha alichokuwa anafanya."

Chini bondeni kengele ya parokia ilikuwa inalia.

"Jumapili iliyofuata akanisubiri nje," Mama akaendelea. "Akaniuliza nilijuaje kwamba ni mtoto wa yule mama. Nikamwambia sikujua, nilisikia watu wakinong'ona. Akaniuliza kwa nini basi sikungoja misa iishe kama wengine. Nikamwambia, wewe umengoja vya kutosha." Alijifunika khanga vizuri mabegani. "Akasimama pale anageuza geuza kofia yake. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna kazi ya kupogoa migomba."